Fidla Yangu Ndani ya Sahani

Jumapili. Mvua tangu asubuhi. Lazima ni kubwa, maana mke wangu Ngalula hachoki kuhamisha mabeseni chini ya bati linalovuja. Zamani ningeisikia kabla sijafungua macho.

Sahani yetu ya gramafoni imefika.

Tuliirekodi Elisabethville wakati wa kiangazi, sisi watatu wa jazi ya nyuzi: Ilunga na mandolini, Kapend na gita, mimi na fidla. Tuliporudi Kolwezi nikaingia kazini mgodini kama kawaida, na baruti ikalipuka kabla hatujakimbia. Nilitoka na mikono yangu yote, na miguu yangu yote. Masikio hayakutoka.

Leo Kapend amekuja kwa baiskeli kutoka Mutoshi, gramafoni nyuma, imefunikwa turubai. Ilunga ameibeba sahani kifuani, ndani ya koti. Wakaiweka kwenye meza yetu. Ikaanza kuzunguka.

Nilikuwa natazama nyuso zao.

Kuna sehemu katikati ambayo hatukuipanga. Kule studio Kapend alishika mwendo wa gita, nami nikaachia fidla iende inakotaka. Nilitunga palepale, mara moja tu. Sikumbuki hata sauti moja. Kwa hiyo sehemu ile ilipofika nilijua kwa Ngalula: alikaa chini, akafunika mdomo kwa kitenge.

Nikaweka kiganja juu ya sanduku la gramafoni. Gita nililisikia kidogo, kama mtu anayetembea chumba cha pili. Fidla, hakuna. Nikashusha kichwa, nikauma ubao wake kwa meno, labda mtetemo ungepanda kichwani.

Hakuna.

Nikachukua fidla yangu, nikapiga. Sijui nilipiga nini. Kapend aliangalia sakafu.

"Ni mubaya?" nikamuuliza Ngalula.

Hajawahi kunidanganya. Akatikisa kichwa kukubali, machozi yakimtoka.

Niliinua sahani niipasue. Ninaandika hivyo bila haya. Ngalula alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua anayo, na Ilunga akaninyang'anya. Akasimama mbele yangu, akasema polepole ili niusome mdomo wake:

"Tata Mukendi. Angalia bidole byangu."

Nyuzi za mandolini zinafungwa kwa sauti zilezile za fidla, vidole vinakaa palepale. Akarudisha sindano kwenye ile sehemu, akasikiliza kidogo, akainua sindano, akatafuta kwenye mandolini. Tena. Tena. Kapend alizungusha mkono wa gramafoni mpaka jasho likamtoka. Nami nilitazama vidole vya Ilunga vikipanda shingo ya mandolini, na mahali ambapo mimi ningeteremka, havikuteremka. Vilipanda tena, vikakaa juu peke yao, halafu vikarudi kwa njia ambayo sijawahi kuipita.

"Njo ile?" nikamuuliza. "Njo vile mi nilipiga?"

"Njo ile, tata. Njo weye." Ndiyo mimi, alisema.

Ilikuwa nzuri. Nilifikiri kuijua kutanituliza. Imeniumiza kuliko baruti.

Wameondoka sasa. Ngalula amelala, amenipa mgongo. Nimekaa na fidla magotini, naweka vidole pale alipoweka Ilunga, bila upinde, nijifunze kutoka kwake kitu nilichokitunga mimi mwenyewe.

Kesho kukicha nitajaribu tena. Lakini ile nyingine, ambayo bado sijaitunga, nani atanionyesha?