Mtu wa Kukaa Nyuma

Tarehe 3 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Habari za huko, na magoti yanaendeleaje? Mimi ni mzima, nakula, nalala, na cherehani za watu zinanipa kazi kama kawaida. Nakuandikia kwa sababu simu na masikio yako vimeshaachana, na hili nataka ulipate neno kwa neno.

Nataka kununua pikipiki. Si hizi ndogo za kukimbilia sokoni. Nataka ya safari ndefu, yenye kiti cha watu wawili na masanduku ya pembeni, iliyotumika. Tangu mwanao atutoke, wateja wake wa miji ya mbali wananiita mimi. Kazi yake naijua, maana nusu ya cherehani alizotengeneza nilizifungua mimi. Lakini mabasi hayafiki kote, na sanduku la vifaa linanivunja bega.

Shemeji mkubwa hataki. Anasema mjane hazururi barabarani. Anataka nifunge karakana nikakae dukani kwake niuze vitambaa, yeye ataniangalia. Nimekataa. Sasa amekuja na jipya: kama ni lazima, kuna rafiki yake anauza moja. "Wewe lete pesa tu, mengine niachie mimi."

Simwachii. Mama, wewe umeishi na fundi pikipiki maisha yako yote. Nianze kuangalia wapi? Ukinikanya nitaumia, lakini nitanunua.

Wako,
Mkaza mwanao

*

Tarehe 10 Februari

Mkwe wangu,

Marahaba. Magoti ni yale yale, yanagombana na ngazi. Vinginevyo sijambo, na nimefurahi kwamba hukuniomba ruhusa.

Watu wakienda kununua pikipiki wanapapasa tangi, wanapiga honi, wanawasha injini na kuinamisha kichwa kana kwamba wanasikiliza taarifa ya habari. Mzee alikuwa anakwenda nyuma kwanza. Alikuwa akisema injini ikichoka itakuacha njiani ukiwa mzima, lakini shokapu ya nyuma ikifa itakutupa kwenye kona ukiwa na mzigo.

Kwa hiyo piga magoti wewe mwenye magoti. Tazama shokapu yenyewe, ile nguzo iliyovikwa springi. Pitisha kidole kwenye fimbo yake inayong'aa. Kikitoka na mafuta, sili, yaani mpira wa kuzuia mafuta yasivuje, imekwisha. Ukiikuta safi mno wakati vyote vinavyoizunguka vina vumbi, ujue kuna mtu kapita na kitambaa kabla hujafika. Kisha isimamishwe kwenye stendi ya kati, ushike gurudumu la nyuma, ulinyanyue, ulisukume huku na huku. Likigonga tok, bushi, zile pete za kwenye maungio, zimelika. Halafu kandamiza kiti kwa nguvu zako zote na uachie. Inatakiwa ipande mara moja itulie. Ikichezacheza kama kitanda cha gesti, sema asante, kwaheri.

Mwanangu mkubwa atanuna. Mwache. Huyo alizaliwa amenuna, mkunga ni shahidi.

Mama yako

*

Tarehe 18 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima. Mimi sijambo, ila nimechoka kuchekwa.

Nimekwenda kuiona ile ya rafiki yake shemeji. Fimbo ilikuwa kavu, lakini pikipiki nzima ilikuwa imeoshwa, kwa hiyo sikujua nimlaumu nani. Gurudumu halikugonga. Nilipokandamiza kiti, Mama, ni kigumu kama benchi la hospitali! Hakikushuka hata kidogo. Shemeji akacheka mbele ya watu wote wanaokaa nje ya banda la kinyozi: "Umeridhika, injinia?"

Nikasema nimeridhika. Nimeahidi kulipa mwisho wa mwezi. Sura ya rafiki yake siipendi, lakini sura si shokapu.

Wako,
Mkaza mwanao

*

Tarehe 22 Februari

Mkwe wangu,

Usilipe! Marahaba, na salamu nyingine baadaye, dereva wa basi atakayekuletea barua hii ananisubiri na injini inaunguruma.

Huo ugumu wa benchi ndio unaonitisha. Springi ina ringi ya kuibana. Springi iliyochoka ukiibana mpaka mwisho, mtu mmoja mwepesi ataiona ngumu na kuisifu. Wamekuona ulivyo, wakakukazia. Wanakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Ringi irudishwe katikati. Wewe ukae mbele, mtu mzima akae nyuma, mpite penye matuta. Pikipiki ya watu wawili inapimwa na watu wawili. Hili sikukwambia kwa sababu mtu wa nyuma siku zote nilikuwa mimi, na sikuwahi kujihesabu kama kipimo.

Kama mwanangu anamwamini rafiki yake, apande yeye.

Mama yako

*

Tarehe 7 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Uko salama? Mimi niko salama, na safari hii nasema hivyo kwa dhati.

Nilimwambia mwenye pikipiki alegeze ringi. Akatoa macho. "Nani kakwambia habari za ringi?" Nikajibu, "Mama mkwe wangu." Akamtazama shemeji, shemeji akatazama viatu vyake.

Ikalegezwa. Nikakaa mbele nikasema, "Shemeji, panda nyuma twende."

Mama, ungemwona! "Mimi? Nikae nyuma ya mwanamke, mtaa mzima unione?"

"Si lazima unishike, shemeji. Kuna vyuma vya kushika."

Hakutaka. Rafiki yake naye akakumbuka kwamba mgongo unamuuma. Nikawageukia wale wa kwa kinyozi, na wao wote siku hiyo walikuwa na migongo. Nilikuwa nimekaa peke yangu juu ya lile dude nikihisi machozi yanakuja, nikajiapiza kwamba nikilia hapa nitauza vitambaa mpaka nizeeke.

Basi mke wa shemeji, yule tunayemwita Kimya, alikuwa ameleta chakula cha mchana cha mumewe. Akaweka kapu chini, akajifunga nguo vizuri, akapanda. Mumewe akasema, "Wewe!" Kimya akaniambia, "Twende."

Hatukufika mbali. Kwenye tuta la kwanza nyuma ilizama mpaka tairi likasaga madigadi, tukasikia harufu ya mpira. Kwenye la pili ikaruka, ikarudi, ikaruka tena. Tuliporudi fimbo ilikuwa inatiririka mafuta mpaka kwenye rimu. Kimya akashuka, akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Hii ilikuwa ya kumuua." Akachukua kapu, chakula ndani, akaenda nacho nyumbani.

Shemeji alinifuata karakanani, akafoka: Nimemwaibisha, nimemwita rafiki yake mwizi, habari ya pikipiki imekwisha, Jumatatu niripoti dukani. Nikamjibu kwamba rafiki yake sikumwita kitu, shokapu imemwita yenyewe. Na Jumatatu nina kazi.

Sasa sikia. Nimepata nyingine kwa tarishi mstaafu anayekaa karibu na reli. Sura ya pikipiki yenyewe ni mbaya kweli, rangi imechubuka, tangi lina kovu. Lakini nyuma kuna vumbi la haki, fimbo kavu chini ya vumbi, gurudumu kimya, na kiti kikishuka kinapanda na kutulia. Ningeinunua siku ile ile. Shemeji akamwendea tarishi kabla yangu, akamwambia ukoo umekataa. Mzee wa watu anaogopa ugomvi. Anasema ataniuzia nikimpelekea barua ya ruhusa kutoka kwa mkubwa wa familia.

Mkubwa ni wewe. Niandikie, Mama, mistari miwili tu. Nisipoipata pikipiki hii, wateja wa mbali watatafuta fundi mwingine, na mwisho wangu ni dukani kwa shemeji. Naogopa.

Wako,
Mkaza mwanao

*

Tarehe 15 Machi

Mkwe wangu,

Marahaba. Barua ya ruhusa sikuandikii. Usiichane hii, soma mpaka mwisho.

Nikikuruhusu leo, kesho watauliza nani kakuruhusu kwenda mji wa pili, keshokutwa nani kakuruhusu kuchelewa kurudi. Na nikifa, ruhusa yangu inakwenda nami kaburini, wewe unabaki na mwanangu na duka lake. Pesa ni zako, kazi ni yako, mwili utakaokaa juu ya kiti hicho ni wako. Nani anaombwa nini?

Huyo mwanangu alikuwa hapa juzi. Akanikalisha chini: "Mama, chagua, mimi au yeye." Nikamwambia sichagui watu, nachagua maneno, na maneno yake ni ya ovyo. Akaondoka bila kuaga. Nililia, sikufichi. Yule ametoka tumboni mwangu, na siku akirudi nitampakulia chakula kama kawaida. Lakini maneno yake yatabaki kuwa ya ovyo.

Mwambie tarishi asiiuze kwa mtu mwingine. Hiyo ya kwake umeikandamiza tu, hujaipima na mtu nyuma, na Kimya sasa hivi atakuwa amefungiwa ndani kwa maneno ya mumewe. Nakuja na basi la Alhamisi. Uzito wangu unaujua.

Mama yako

*

Tarehe 20 Aprili

Mkwe wangu,

Natumaini umefika kwa wateja wako salama na unakula vizuri. Mimi sijambo. Nyonga zinauma tangu uliponishusha hapa mlangoni, na kila jirani akinipa pole namwambia aiweke, sijaumwa.

Wamenifanya nisimulie mpaka sauti imekauka. Wanapenda pale tarishi alipouliza barua iko wapi, nami nikamwambia barua ni hii hapa, inapanda nyuma, isome, naye akakubali kukuuzia. Tena wanapenda tulivyopita matuta yote yale nyuma ikishuka na kutulia, shwari, mpaka mbele ya duka la mwanangu, wewe ukapiga honi nami nikampungia mkono. Hakupunga. Kimya alipunga, kutoka dirishani.

Jana mwanangu amekuja. Nilimpakulia, hakula. Alisema nimemvunjia heshima kwa watu. Nikamwambia heshima inayovunjika kwa mama kupanda pikipiki ilikuwa na ufa kabla sijapanda. Halafu akauliza, taratibu, kama alivyokuwa akiuliza utotoni: "Lakini Mama, umri huu, ulikuwa unakwenda wapi?"

Swali hilo bado ninalo. Si kwa sababu yake, ni kwa sababu yako.

Unakumbuka tulipotoka mjini, pale njia panda? Ulisimama, ukageuza shingo, ukapaza sauti ili nisikie: "Mama, twende wapi?" Wewe ulisahau hapo hapo. Mimi nilikaa nyuma ya Mzee tangu nikiwa msichana. Nilimpenda, naye alinipenda, na alinifikisha salama kila mahali. Hakuna siku hata moja aliniuliza hivyo. Nikakwambia "nyumbani" kwa kuwa mdomoni sikuwa na neno lingine.

Nimelitafuta tangu siku ile, nimelipata. Ukipita tena huku sitaki nyumbani. Nataka kwenda kwenye ile milima inayoonekana kutoka uani kwangu, nione upande wake wa pili kuna nini. Sina ndugu huko, sina msiba wala shughuli. Nataka tu kwenda.

Mama yako