Nilimwona Mume Wangu Mnarani kwa Kamera ya Kuazima

Mpendwa mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi basi nisamehe na unisaidie hivyo hivyo. Mimi ni fundi cherehani, nashona magauni chumba cha mbele cha nyumba yetu, ghorofa ya tatu, na picha za kazi zangu nazipiga kwa simu iliyopasuka kioo, mteja akiona gauni la zambarau anadhani jeusi, sasa mume wa dada yangu, mwenye duka la vifaa vya picha, akaniazima kamera ya lenzi ndefu, ile inayovuta vitu vya mbali, akasema, "Shemeji, kaa nayo wiki, piga unavyopiga siku zote, halafu niambie ukweli kama inamfaa mtu wa kawaida, maana wateja wananiuliza nabaki kujikuna kichwa."

Nikaipima kweli. Ndani picha zilitoka chenga tupu, nikivuta kidogo na mkono ukitikisika kila kitu kinakuwa ukungu, na kuivaa nusu siku sokoni shingo iliniuma mpaka kesho yake, lakini nje juani, jamani! Nilimpiga kunguru kwenye paa la ng'ambo nikaona hadi unyoya uliovunjika bawani, nikasoma mwaka uliochongwa juu ya jengo ambalo napita chini yake miaka tisa bila kujua lina maandishi, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Siku ya nne ndiyo iliyonileta kwako. Mume wangu ni fundi wa minara ya simu, mtu mkimya, ukimuuliza kazi ilikuwaje anajibu "kawaida tu", nyumbani hata kupanda kiti abadilishe balbu ananiachia mimi, na katika miaka kumi na moja ya ndoa sijawahi kumwona kazini. Asubuhi ile akasema leo wako mnara wa nyuma ya shule, ambao kutoka dirishani kwetu unaonekana mwembamba kama sindano. Saa nne nikailaza kamera juu ya mto dirishani, nikavuta, nikavuta, mpaka nikaiona kofia yake ya njano yenye stika aliyobandika binti yetu.

Mshauri, nilisahau kupumua. Ndege walikuwa wanapita chini yake, naye anatembea kwenye vyuma kama anavyotembea jikoni kwangu. Halafu nikamwona mwenzake wa siku nyingi, tunamwita Bonge, amekumbatia chuma kwa mikono miwili, macho kafumba, hasogei, na mkanda wake wa usalama umechanika unaning'inia. Mume wangu akamshukia, akamwekea mkono mgongoni, akaanza kuongea, na mtu huyu ambaye kwangu hamalizi sentensi mbili aliongea karibu saa nzima, kisha akafungua kulabu ya mkanda wake mwenyewe, akamfunga nayo Bonge, akamteremsha hatua kwa hatua, yeye hana kitu cha kumshika. Kidole changu kilikuwa kinabonyeza chenyewe, picha kumi na saba. Walipoingia nyuma ya ukuta wa shule nikakaa sakafuni nikalia, sijui kwa hofu au kwa fahari.

Jioni nikamuuliza, "Kazi ilikuwaje?" Akasema, "Kawaida tu. Chumvi iko wapi?"

Sasa shemeji nilimwonyesha zile picha, na anataka kuikuza moja aibandike ukutani dukani watu waone nguvu ya kamera, wakati ofisini kwa mume wangu anayefungua mkanda juu ya mnara anasimamishwa kazi. Mume hajui kama nilimwona. Nikimwambia ataona nilimchungulia, nikinyamaza, kila asubuhi akifunga kamba za viatu nabaki dirishani nikiutazama ule mnara. Nifanye nini, na hiyo kamera niseme inafaa au haifai?

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, barua yako nimeisoma nimesimama, na chai yangu imepoa mezani. Umeona kitu ambacho wake wengi hawatakiona maisha yao yote.

Lakini acha nikugombeze. Shemeji amezionaje kabla ya mumeo mwenyewe? Leo hii, usingoje kesho, nenda dukani, zifutwe zote alizo nazo mbele ya macho yako, na ukutani haipandi hata moja. Akinuna, anune. Apige picha kunguru.

Kisha mwonyeshe mumeo. Usimvamie akitoka kazini na njaa; subiri siku ya mapumziko, mkiwa wawili. Usianze na mkanda. Sema, "Nilikuona," kisha unyamaze, ujuzi ambao kwa barua ndefu hivi nadhani itabidi ujifunze. Akimaliza kutazama ndipo useme hofu yako yote. Mkanda uliochanika si siri ya kutunza: yeye na Bonge waende ofisini wakaseme kwa midomo yao, hata kama kuna adhabu, kabla haujachanika wa mwingine.

Kamera? Anayepiga watoto uwanjani mchana, au ndege juu ya miti, na ana pa kuiegemeza, itamfaa. Wewe unapiga magauni ndani: yasogeze dirishani, usivute, tafuta kamera nyepesi inayomudu mwanga mdogo. Hii irudishe. Ukibaki nayo utahamia dirishani, na cherehani itaota kutu.

FUNDI AMETUANDIKIA TENA

Kamera nimerudisha, picha dukani zimefutwa. Mume wangu na Bonge walikwenda ofisini, wakapewa barua za onyo, na mikanda yote ikakaguliwa, mitano ikatupwa. Lakini nataka ujue ilivyokuwa siku nilipomwonyesha. Alizitazama zote kumi na saba, akairudia ya tisa, ile ambayo paa za nyumba zinaonekana chini ya viatu vyake. Kisha akaniuliza, "Hivi kumbe ni juu hivi?"

Nikamwambia ndiyo, ni juu hivi. Mikono yake ikaanza kutetemeka, mshauri, nikaishika.