Vifuniko Arobaini

Thierry, aibu gani hii! Frédéric, mwenzetu wa internati, bweni letu la shule, sasa ni bwana shamba, na amesimama katika mpunga wa mama Consolate, kijijini Kiringye.

Jana alimwelekeza mama kwa simu dawa ya ukungu unaoshika majani: "Vifuniko kumi vya mafuta ya mwarobaini kwa pompi moja ya kupulizia." Hakumtaka ayarudie maneno hayo. Alijiamini mno.

Leo mama anamwambia kwa furaha: "Agronome, minye nimetia vifuniko arobaini, vile weye ulisema!"

Arobaini, Thierry! Arobaini, kama mwarobaini!

Frédéric anamwuliza: "Umepuliza kwako tu?"

"Hapana, na kwa majirani watatu. Wanakushukuru sana."

Mafuta mengi hivyo, jua likiyapiga, huunguza majani. Mawingu ya asubuhi yanaachana, jua linatoka. Mama bado anatabasamu, hajui lolote.