Bernadeta alinipigia mara tisa

Zubeda,

Unamkumbuka Bernadeta, yule mwalimu mkuu mpya wa huku Temeke niliyepewa nimlee kikazi? Leo nimemkuta ofisini kwake anaandika barua ya kuomba avuliwe ukuu wa shule.

Nikamuuliza, "Mbona hukuniambia?"

"Nilikupigia mara tisa, dada."

Mara tisa! Na mie nilikuwa naziona simu zake, nasema nitampigia kesho. Wewe uliponilea mie kikazi, ulikuwaga unanipokelea simu hata ukiwa msibani.

Kumbe wazazi walimzomea kwenye kikao cha shule, na hakuna mwalimu wake hata mmoja aliyemtetea.

Nimemwomba msamaha, nikamsihi asiipeleke barua. Akasema taratibu, "Ungekuja juzi. Juzi ningekusikiliza."

Akanitoa, akafunga mlango. Niko hapa nje, namsikia analia, na nashindwa kugonga.