Sauti ya Hannah wa Marafa

Malindi,
Jumapili, baada ya ibada.

Kwako dada yangu Mapenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Dena na watoto, na kwamba mvua ya huko Vitengeni haikuyadanganya mahindi. Goti lako laendeleaje? Mimi nipo, nala, nalala, ila si mzima kama nilivyokuambia kwenye simu. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Haya nikiyasema kwa mdomo nitalia, nawe utapanda gari uje kabla sijamaliza.

Unajua kazi yangu ni utafiti wa chuo kikuu. Nazunguka na mwenzangu Musyoka, mfamasia, tukiwatembelea watu wenye kifafa majumbani mwao. Twataka kujua kama mgonjwa anayeelezwa vyema na muuza dawa, akafuatiliwa na kukumbushwa, huanguka mara chache kuliko yule anayekabidhiwa vidonge kwenye bahasha na kuambiwa nenda. Katika mizunguko hiyo ndipo nilipokutana na Hannah.

Hannah aliishi Marafa na mumewe Kavumbi. Alikuwa mrefu, mcheshi, na mkono wa kushoto una kovu la siku alipoangukia mafiga. Lakini alipoanza kunywa dawa bila kukatiza alitulia, akarudi shambani, hata sokoni akawa aenda peke yake. Nilimuuliza, kama niwaulizavyo wote, iwapo hujua kifafa kinapokaribia. Akasema tumbo humpanda kwanza, kisha humsikia marehemu nyanyake akimwita kwa nyuma, taratibu, na baada ya hapo hajui tena kitu.

“Siku hizi haniiti,” akaniambia huku akicheka. “Kapumzika, nami nimepumzika.”

Mwanzoni mwa mwaka huu dawa ziliisha katika duka la pale senta. Muuzaji alimwambia arudi wiki ijayo. Hakumwonya kwamba kukatiza ni hatari, wala hakumwelekeza kwingine. Hannah akarudi, akaambiwa yale yale. Tulipokwenda kwa ziara yetu tulimkuta Kavumbi uani, peke yake. Alitwambia bila kututazama kwamba mkewe alikwenda kuteka maji bwawani, akakutwa amelala kifudifudi mahali ambapo maji hayafiki magotini.

Dada, baada ya hapo nikaanza kumsikia. Mara ya kwanza nilikuwa soko la hapa mjini, nachagua nyanya. Aliniita, “Pola!” kwa sauti yake ile ile, na hofu ikanipanda kutoka tumboni hadi kooni. Kugeuka, hakuna mtu. Akaniita bafuni. Akaniita ofisini mchana kweupe, wenzangu wakizungumza mambo yao. Nikadhani kuna jambo analitaka kwangu. Nilikwenda hadi kaburini kwake nikamwomba aniambie. Nilimwendea pasta akanishika kichwa akaomba. Bado aliniita. Sikumwambia mtu mwingine, maana nani atamwamini mtafiti anayeitwa na wafu?

Mwezi uliopita tulikuwa kwa mama mmoja huko Ganze, namuuliza maswali, Hannah akaniita tena. Sikumbuki zaidi. Musyoka alinieleza baadaye kwamba nilinyamaza katikati ya swali, macho wazi, nikawa natafuna na kinywani hamna kitu, vidole vikifinyafinya pindo la leso. Nikamwambia ni nani aliyeniita. Hakucheka. Aliniuliza polepole, “Pola, mgonjwa akikuambia hivyo, wewe huandika nini?”

Nilijua ningeandika nini. Nililia njia nzima hadi Malindi.

Dada Mapenzi, nina kifafa. Daktari amekithibitisha, ni cha namna isiyomwangusha mtu kila mara. Aliniuliza kama nilishikwa na degedege utotoni, nikasema sijui. Kisha nikaikumbuka hirizi niliyofungwa kiunoni hata nilipoanza shule, na vile ulivyonikataza kwenda kisimani peke yangu, ukisema kuna nyoka. Mama hayupo wa kuulizwa. Umebaki wewe. Kama mlisema ni nyuni, yule pepo wa watoto, mkanificha kwa kunionea huruma, sina kinyongo. Niandikie tu ukweli wote, daktari auhitaji, nami nauhitaji zaidi yake.

Sasa nanywa vidonge asubuhi na jioni, na Hannah ameacha kuniita. Nilidhani nitafurahi. Badala yake najikuta jikoni nimesimama kimya, sufuria linakauka motoni, nami namngoja. Alipokuwa akiniita, angalau alikuwa mahali.

Nisalimie shemeji Dena, naye umweleze. Wengine waache kwanza. Watoto wabusu kwa niaba yangu. Usije kabla hujaniandikia, tafadhali. Nataka nisome nikiwa peke yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Pola