Haizimwi

4 Mei

Mpwa wangu mpenzi,

Umefanya la maana kuniuliza mimi, kwa sababu neno zimwi limezaliwa mbele ya macho yangu haya. Tu wazima, ila mgongo wa mkazamjomba wako.

Nimesikia binti yako anapiga mayowe ukienda zamu ya usiku, eti kuna zimwi ukutani, na jirani anayekuja kulala na mtoto anataka kuacha. Akiacha, kazi yako ndiyo kwaheri. Sasa nisikilize.

Kwenye kiwanda cha barafu nilikuwa mkono wa kulia wa mkurugenzi. Nisipofika, maji yaligoma kuganda. Palikuwa na mashine kubwa kuliko nyumba yenu. Ikinguruma, meno yanagongana. Kibao chake: HAIZIMWI. Ole wako uguse swichi! Unyevu ukabandua herufi tatu za mbele, ikabaki ZIMWI. Wapakiaji wakaanza: "Zimwi limeamkaje leo?" Neno likatoka getini, likaenea dunia nzima.

Na zilizobanduka ni zipi? HAI! Mwambie mtoto: zimwi ni kitu kilichopungukiwa uhai. Kelele tupu.

Mjomba wako

19 Mei

Shikamoo Mjomba,

Mgongo wa mkazamjomba unaendeleaje? Sisi wazima, ila usingizi sina. Mwalimu wa mtoto anasema zimwi ni ndugu wa mzimu na kuzimu, neno la kale kuliko wewe na barafu yako. Hata hivyo nikampa mtoto la kwako. Akacheka! Kisha akachukua chaki, akaandika juu ya swichi ya taa: HAIZIMWI. Sasa zimwi halimtishi, lakini anayezima taa ndiye anayepigiwa mayowe. Jirani kasema, "Mama we, mwanao atanipofusha." Kanipa mpaka mwisho wa mwezi.

Nimemwambia mtoto watu wazima hulala gizani. Kajibu, "Muulize Babu wa barafu. Taa yake ikizimwa usiku, na mimi nitazima yangu."

Nijibu upesi, Mjomba.

Mpwa wako

25 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Mgongo umepoa. Mwambie mtoto kwamba Babu yake huzima taa kwa kidole kimoja, na giza lenyewe likimwona linampisha...

Mkazamjomba wako amechungulia hapo juu, kacheka mpaka kakaa chini.

Haya. Tafuta taa ndogo, uiweke sakafuni chini ya kitanda, upande wa mtoto. Mwanga hauvuki kwenda kwa mwenzake. Jirani atalala, mbona mkazamjomba wako analala hivyo hivyo miaka yote hii.

Yangu haizimwi.

Mjomba wako