Mistari Iliyopinda kwenye Ekrani ya Papa

Kampemba, Jumatano

Yaya Liévin, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimu wewe na shemeji Falonne, na natumaini kile kikohozi cha vumbi la Kipushi kimemwacha. Sisi huku tunapumua. Mama anafua, anaimba, anagombana na majirani kuhusu maji, kwa hiyo ni mzima. Watoto wako wamenenepa kwa likizo hii mpaka suruali za Merdi hazifungi, na Plamedie anaongea kuliko redio. Habari nilizo nazo ni za Papa. Sikupigii simu kwa sababu nakujua: ukipokea unaweka sauti ya juu, mtaa mzima unasikia, na kesho yake Papa anasimuliwa mambo yake mwenyewe. Kangwa wa teksi atakupa barua hii mkononi. Isome peke yako, tena leo.

Papa amesema Jumamosi atawaleta watoto Kipushi mwenyewe, kwa gari lake. Mimi sitaki awalete. Sababu yake ni ndefu kidogo na inaanzia kwenye ekrani, kioo cha kompyuta. Usicheke.

Unaikumbuka ile kompyuta yake ya zamani, yenye ekrani nzito ya kisogo kirefu, ambayo anachorea ramani za nyumba za watu tangu alipostaafu uchoraji kwenye reli. Sote tulimwambia atafute ya kisasa, akajibu kwamba vitu vyembamba havina akili. Mwezi uliopita alinifuata kwenye atelier yangu ya ufundi sokoni, akasema picha imeharibika, kuta za ramani zimepinda na zinacheza. Televisheni za namna hiyo nimezitengeneza nyingi, nikaona ni kazi ya asubuhi moja.

Mwanzoni kosa lilikuwepo kweli. Kwa kuwa umeme wetu unapanda na kushuka unavyotaka wenyewe, Papa ana lile sanduku la kuutuliza, régulateur, na kama kila mtu hapa mjini alikuwa amelibana ubavuni mwa ekrani, kisha Mama akafunika vyote viwili kwa kitambaa chake cha kusuka. Sanduku lile likifanya kazi linatoa sumaku, na sumaku inavuta picha. Nikalisogeza mbali, picha ikatulia. Kwenye pembe palikuwa na doa la kijani. Nikabonyeza kitufe cha kufuta sumaku, ekrani ikanguruma, doa likaondoka. Nikanyoosha kingo kwa vitufe vya mbele, nikaomba chai.

Papa akaketi, akasukuma miwani yake, akasema bado. Mstari wa katikati una tumbo.

Nilitazama, sikuona tumbo lolote. Nikabadilisha waya, nikageuza meza upande mwingine, yeye bado. Akaanza kukasirika. Akasema siku hizi mafundi wanacheza tu, na kama nimechoka kumhudumia nimwambie. Iliniuma, Yaya. Nami nina kichwa kigumu kama chake, nikafungua kifuniko cha nyuma. Hiyo ni kazi nisiyoipenda, maana kioo cha namna ile kinaficha umeme hata ukichomoa waya, na umeme huo unaua. Nikawatoa watoto nje. Mkono mmoja nikauweka mgongoni, wa pili ukashika bisibisi niliyoifunga kwa waya kwenye chuma cha ndani, nikausikia umeme ukilia na kutoka. Mama alikuwa mlangoni na rozari yake. Nikazigeuza kidogo zile koili zilizo shingoni mwa kioo, nikafunga, nikawasha. Bado. Nikazima, nikatoa umeme tena, nikageuza tena. Bado. Sasa picha ilikuwa imepinda kweli, kwa sababu nilikuwa nimeiharibu mwenyewe.

Nilirudisha kila kitu kilivyokuwa. Kisha kwa hasira nikachukua rula yake ya chuma, nikaibandika kwenye kioo juu ya mstari. Vikalingana kabisa. Nikamwambia haya, aniambie sasa kipi kimepinda. Papa aliitazama ile rula muda mrefu. Halafu akasema taratibu kwamba hata rula imepinda.

Hasira ikanitoka, woga ukaingia. Nikamwomba afunge jicho moja, halafu la pili. Kwa jicho la kulia mlango nao ulikuwa na tumbo, na uso wangu haukuwa na katikati. La kushoto nalo limeanza. Nikamuuliza tangu lini, akajibu kwamba macho ya mzee ni macho ya mzee, nisipeleke maneno mbali, na hasa nisiyapeleke kwako. Nilimuuliza muuguzi mmoja bila kutaja jina la mtu. Alisema mistari ikipinda hivyo huenda ni ugonjwa wa nyuma ya jicho, miwani haiusaidii, na kuchelewa kunaweza kumpofusha mtu. Amwone daktari wa macho upesi.

Lakini gari Papa haliachi. Plamedie ameniambia kwamba Jumapili, wakitoka misa, mtu wa baiskeli ya makala, huo mkaa wa kupikia, alikuwa mbele yao mchana kweupe, na Papa hakumwona mpaka mtoto alipopiga kelele. Na unaijua barabara ya Kipushi, baiskeli upande huu, malori ya madini upande ule. Nilimsihi. Akasema alikuwa anaendesha gari kabla mimi sijazaliwa. Kwetu binti hamnyang'anyi baba yake funguo. Neno hilo husemwa na mtoto wa kwanza, na wa kwanza ni wewe.

Sasa sikia nililofanya. Jana Papa alipolala baada ya chakula, nililifungua gari mbele, nikatoa kile kipande kidogo kinachozunguka ndani ya delco na kugawa moto kwenye injini. Bila hicho gari haliwaki. Kimo mfukoni mwangu ninapoandika. Mimi ninayekula kwa kutengeneza vitu vya watu nimeharibu gari la baba yangu. Naona aibu, na ningefanya hivyo tena.

Hapo nilitaka kutia sahihi, nikamsikia Papa uani akijaribu kuliwasha. Lilikohoa tu. Nikatoka. Alikuwa ameinamia injini bila kuitazama, akipapasa waya kwa waya, mpaka akafungua kifuniko cha delco na kidole chake kikaingia mahali patupu. Akabaki hivyo, kidole ndani. Mama akauliza kuna nini. Akamjibu kwamba gari limezeeka, Liévin aje kuwachukua watoto wake. Kisha akapita karibu nami bila kunitazama, akasema polepole: “Uichunge muzuri, isipotee.”

Basi njoo Ijumaa, tumpeleke pamoja kwa daktari kabla hajabadili mawazo. Mama anakusalimu, watoto wanakusalimu, na Papa, ambaye hajui kwamba barua hii ipo, au labda anajua, anakusalimu pia. Mbusu shemeji kwa ajili yangu. Mungu awalinde njiani.

Mdogo wako akupendaye,

Wivine